Jinsi ya Kuwaonyesha Watoto "The Wizard of Oz" kwa Mara ya Kwanza

Anayetaka kuwaonyesha watoto filamu hii, iliyotolewa Marekani mwaka 1939 na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer kutokana na kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, aanze kwa kuikagua nakala aliyonayo. Sehemu ya Kansas, nyumbani kwa msichana Dorothy, ambayo huchukua kama dakika 20 za mwanzo, inapaswa kuwa ya rangi ya hudhurungi kama picha kuukuu. Zipo nakala za zamani zilizoifanya nyeusi na nyeupe tupu. Hizo ziachwe, kwa kuwa zinaharibu hila iliyo nzuri kuliko zote.

Hila yenyewe iko mlangoni. Nyumba iliyobebwa na kimbunga inapotua, Dorothy anafungua mlango na nchi ya Oz inaonekana nje kwa rangi zake zote, ilhali ndani bado ni hudhurungi. Ndani ya nyumba palipakwa rangi hiyo, na mwigizaji mbadala akavikwa gauni linalofanana nayo; akafungua mlango huku ameipa kamera mgongo, akajitoa pembeni, kisha Judy Garland, anayemwigiza Dorothy, akapita akiwa na gauni la buluu. Basi taa za chumbani zizimwe mapema, wala watoto wasidokezwe kinachokuja.

Wasemao kwamba Kansas inachosha wana hoja, lakini isirukwe. Humo ndimo Garland, aliyekuwa na miaka 16 wakati wa kurekodi, anaimba "Over the Rainbow", wimbo ulioponea chupuchupu kukatwa na baadaye ukashinda Tuzo ya Oscar. Tena vibarua watatu wa shambani ndio watakaorudi wakiwa sanamu la kutishia ndege, mtu wa bati na simba mwoga. Mtoto azitambue sura hizo mwenyewe.

Kwa walio wadogo sana, mzazi akae karibu nyani wenye mabawa wanapotokea.

Kitabu kisomwe baada ya filamu. Humo viatu vya Dorothy ni vya fedha, si vyekundu kama vya filamu, na safari si ndoto kama filamu inavyoifanya mwishoni: Dorothy anarudi akiwa na soksi tu miguuni, viatu vikiwa vimepotelea jangwani, na kumkuta Mjomba Henry amejenga nyumba mpya badala ya ile iliyochukuliwa na kimbunga. Binafsi naupenda zaidi mwisho huo, kwa sababu msichana haambiwi kwamba aliota.