Kabla ya Kudai Fidia ya Agent Orange kwa Ajili ya Mzee Wako

Wengi wetu tulioko Marekani tunaishi karibu na wazee waliokuwa askari wakati wa vita vya Vietnam bila kujua. Ama mmoja wao ni baba mkwe wako, ama unamhudumia kazini: unamvalisha soksi asubuhi, unampima sukari, na ukutani kuna picha yake ya ujanani akiwa na magwanda. Usipite tu. Muulize alikuwa wapi kati ya 1962 na 1980. Jibu lake linaweza kumpatia fedha za kila mwezi kutoka VA, idara ya serikali ya wanajeshi wastaafu, tena zisizokatwa kodi.

Kwa kifupi: kati ya 1962 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya Vietnam, adui akose pa kujificha na chakula pia. Iliyotumika zaidi ilikaa kwenye mapipa yenye mkanda wa rangi ya chungwa, ndiyo ikaitwa Agent Orange, na ndani yake mlikuwa na sumu ya dioksini. Wanavijiji walionyunyiziwa hawakupata kitu mahakamani. Kesi yao ilitupwa New York mwaka 2005. Askari wa Marekani, wao, wana sheria ya 1991. Sheria hiyo haimtaki mzee athibitishe kwamba dawa ilimgusa. Aonyeshe tu kwamba alikuwa mahali panapotambuliwa, katika tarehe zinazotambuliwa, na kwamba ana ugonjwa ulio kwenye orodha. Kiungo kati ya hayo mawili serikali inakikubali yenyewe.

Mahali, basi. Usikubali akuambie "mimi sikukanyaga Vietnam" halafu mkanyamaza. Mabaharia waliokuwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani wanahesabiwa tangu 2020. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 ikaongeza kambi zote za Thailand, kisiwa cha Guam, na kwingineko. Kila mahali pana tarehe zake, zisome.

Magonjwa: kisukari cha aina ya pili, ugonjwa wa mishipa ya moyo, Parkinson, saratani ya tezi dume, ya mapafu, ya kibofu na nyingine kadhaa, na tangu 2022 hata presha. Wazee wengi wanameza vidonge vya presha miaka nenda rudi wakidhani ni uzee tu.

Cheti cha kuachishwa jeshi, DD-214. Bila hicho mtazunguka sana. Kikipotea, nakala huombwa bure kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis. Kumbuka cheti hicho hakitaji kila kambi aliyolala, kwa hiyo fungueni masanduku: barua alizoandika nyumbani, picha zenye tarehe nyuma, amri za uhamisho.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu tarehe.

Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa ndege kwenye kambi moja Thailand. Alikuwa na kisukari, kisha moyo, akapasuliwa kifua. Sheria ilipobadilika 2022, familia nzima ilinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa makaratasi": nilijaza fomu zangu zote za uhamiaji mwenyewe. Hapo ndipo palipotuponza. Uhamiaji ulinifunza kwamba faili lenye karatasi pungufu hurudishwa, basi nikaapa la mzee halitoki nyumbani mpaka likamilike. Nikanunua faili la bluu. Nikaandikia hospitali tatu. Moja ilijibu, moja ilitaka fomu upya, ya tatu ilikuwa imehamishia kumbukumbu zake kwingine. Mzee akauliza, mara ya kwanza na ya mwisho, "Tupeleke hivyo hivyo?" Nikamwambia haraka haraka haina baraka, tena nikamtafsiria, akacheka. Miezi minane baadaye alifariki usingizini. Faili la bluu lilikuwa juu ya friji, limejaa, limepangwa kwa tarehe, halijapelekwa popote.

Dai lingekuwa limeshaingia, mama mkwe angekuwa na mwaka mmoja wa kuomba kuliendeleza badala ya mumewe. Kwa kuwa halikuingia, hapakuwa na cha kuendeleza. Miezi ile yote ikapotea.

Kwa hiyo sahau mazoea ya uhamiaji. Huku kinachotangulia ni tarehe, karatasi hufuata. Kuna taarifa fupi ya nia ya kudai unayoipeleka VA, hata kwa simu hupokelewa. Ukishaiwasilisha una mwaka mzima wa kukamilisha dai, na likikubaliwa malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku ya taarifa hiyo. Ifanye leo. Dai lenyewe mzee mgonjwa asilicheleweshe, aliwasilishe mara moja. Kumbukumbu za hospitali zitaongezwa baadaye.

Kosa langu lilizaa la pili. Cheti cha kifo kiliandikwa "moyo kusimama". Ni nani aliyekufa moyo ukiwa unapiga? Mjane hulipwa ikionyeshwa kwamba ugonjwa wa kwenye orodha ndio ulioua, au ulichangia. Ilibidi tumrudie daktari wa moyo aliyemtibu, cheti kikarekebishwa, mama mkwe anasubiri huku kodi ya nyumba haisubiri. Kilichomwokoa ni kwamba alidai kabla mwaka haujaisha tangu msiba, akalipwa kuanzia mwezi wa kifo. Kwa hiyo mzee akifariki, mwambieni daktari mapema aandike ugonjwa wenyewe.

Siku ya kupimwa ulemavu, mzee asijikaze. Sisi tunajua kusema sijambo hata tukiwa hoi; askari wa zamani ni wabaya zaidi. Mmoja ninayemhudumia aliulizwa miguu ikoje, akajibu iko sawa, na hajahisi vidole tangu mwaka juzi. Nilikuwa naye chumbani, nikakohoa. Aeleze siku zake mbaya. Na ganzi hiyo, ikiwa imeletwa na kisukari, hudaiwa kivyake. Hali kadhalika figo na macho.

Kila ugonjwa hupewa asilimia ya ulemavu, lakini asilimia hizo hazijumlishwi kama za sokoni. Mwenye 50 na 30 hapati 80. Ile 30 hukatwa kwenye nusu iliyobaki nzima, inakuwa 15, jumla 65, inazungushwa hadi 70. Msigombane nyumbani kabla ya kuielewa.

Wasaidizi wa bure wapo: American Legion na DAV, ambavyo ni vyama vya wanajeshi wastaafu, na ofisa wa wanajeshi wastaafu katika kaunti nyingi. Anayetaka malipo kwa kujaza dai la kwanza, iwe taslimu au sehemu ya fedha zitakazokuja, anavunja sheria. Mkikataliwa, mna mwaka mmoja wa kupinga uamuzi, kutoka tarehe ya barua. Wekeni bahasha pia, tarehe za muhuri huleta ubishi.

Msitume karatasi halisi, tumeni nakala. Andikeni jina la kila mliyeongea naye kwenye simu. Namba ya siri ya akaunti asipewe mjukuu wala jirani wa kanisani, hata awe mpole vipi. Nawe kijana wetu uliyejiunga na jeshi la Marekani ukapelekwa Djibouti au Somalia, sheria hiyo hiyo ya 2022 inawahusu waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na Djibouti na Somalia zimo. Andika leo, ungali unakumbuka, ulikaa kambi gani, miezi ipi, na nani alilala kitanda cha jirani.