Unaenda kujitolea kituo cha wanyama? Soma hii ya wadudu kwanza

Wengi wanaokuja kujitolea kwenye vituo vya kutunza wanyama walioumia huku Pwani, Diani na kwengineko, maswali yao ni yale yale, tumbili anang'ata? komba anakwaruza? Wadudu hakuna anayewauliza, na wadudu ndo utakutana nao kila siku, tena pale ambapo hukutarajia kabisa, ndani ya taulo, kwenye manyoya ya bundi, chini ya kitasa cha kizimba. Kwa hiyo kama utashika jambo moja tu hapa, shika hili: mkono usikimbilie kupiga. Karibu wote hawa wanakuwa wabaya zaidi ukiwapiga.

Tuanze na majani, manake mgeni hutumwa majani. Mbega anakula majani mchana kutwa, so lazima mtu akate matawi, na kwenye miembe na mikorosho ya huku kuna maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa kiota. Ukigusa tawi wanakushukia shingoni, wanang'ata halafu wanapulizia asidi pale pale walipong'ata, ndo unaskia moto. Kabla hujakata angalia juu, ukiona majani yameshikanishwa kama mpira tafuta tawi lingine. Usiwachome moto wala kuwapulizia dawa, wenye minazi wanawapenda kwa sababu wanafukuza wadudu wanaoharibu nazi changa. Ukishakata, kung'uta tawi chini kwa nguvu na uliache kidogo kabla ya kuingiza kizimbani. Viwavi wenye manyoya nao hukaa humo, vaa mikono mirefu, na manyoya yakikuingia usijikune, bandika seloteipu juu ya ngozi uivute, yanatoka nayo.

Mvua zikinyesha kuna Nairobi flai, kale kadogo kembamba kekundu na keusi kanakofuata taa usiku. Hakang'ati na hakana mwiba, sumu iko ndani ya mwili wake inaitwa pederini, inatoka ukikaponda. Unakaponda saa mbili usiku ukimnywesha komba maziwa, huskii kitu, kesho yake au keshokutwa ngozi inawaka na kutoa malengelenge. Kakitua kwako kapulize, ama ukawekee karatasi kapande ukatupe nje. Ukiwa umeshakaponda osha kwa sabuni na maji mengi saa hiyo hiyo na usiguse macho. Ikifika jichoni, hospitali, usikae nyumbani ukijaribu dawa za jirani. Zamu za usiku punguza taa, na shuka likung'ute kabla ya kulala.

Sasa siafu, na hapa ntakaa kidogo. Wewe siafu wakikuvamia unakimbia, mnyama aliye kwenye boksi hawezi, na yule aliyefungwa bendeji ama kifaranga hata kusimama hasimami. Wanakuja sana sana usiku na wakati wa mvua, hawana macho, wanafuata harufu, na msafara ukishaingia chumba cha watoto wa wanyama una dakika tu. Kelele yoyote isiyo ya kawaida usiku amka uende na tochi, umulike chini kabla ya kukanyaga. Kwanza toa wanyama, ukianza na wale wasioweza kujisogeza, wapeleke mbali na mstari, ndo urudi uangalie siafu wanatokea wapi. Mnyama mtoe siafu mmoja mmoja kwa vidole, masikioni, puani, katikati ya vidole, chini ya mkia, na wakati mwingine taya linabaki limeng'ang'ania hata mwili ukikatika, litoe pia. Dawa ya kupuliza usitumie karibu na wanyama, hasa kasa, mijusi na ndege. Mafuta taa usimpake mnyama hata kama kila mtu kijijini anafanya hivo. Kinga yenyewe ni rahisi, kila mguu wa meza ya maboksi usimame kwenye kopo la maji yenye sabuni kidogo, na shuka lisininginie mpaka chini, manake hiyo ni ngazi umewawekea.

Taulo na blanketi hazikosekani, zinafuliwa kila siku, na mango flai, aina ya nzi, anapenda kutaga kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini ama mchanga wenye mkojo. Mayai yanaanguliwa siku 1 hadi 3, mabuu yanaweza kusubiri hadi wiki 2, yakipata ngozi yenye joto yanaingia. Anika juani, halafu piga pasi pande zote mpaka kwenye mishono, na ndio, taulo za wanyama pia. Ukiona jipu lenye tundu dogo katikati na ndani kitu kinachezacheza, paka Vaseline nene lizibe, buu likikosa hewa linasogea juu na linatolewa bila kukamuliwa kwa nguvu.

Nzi wa kawaida nao wanataga kwenye vidonda. Mnyama akiletwa, tafuta vijiyai vyeupe vimegandana kwenye manyoya, vitoe kwa kichana leo leo, kesho vitakuwa mabuu. Mabuu yakishakuwepo mwite daktari wa wanyama, usimwage dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye kidonda.

Kwa ndege kuna nzi bapa wanaoishi ndani ya manyoya na kunyonya damu. Ukimshika tu bundi wanatoka mbio, wanaruka mpaka kwenye nywele zako, na mtu mgeni hapo anaachia mikono yote miwili. Usiachie. Kucha za bundi ndo shida, nzi hakai kwako, damu anayotaka ni ya ndege. Funga kitambaa kichwani kabla.

Mwisho ni nyuki. Maboksi ya viota vya bundi na komba wanayapenda sana, so usifungue boksi lolote kabla hujasimama ukasikiliza na kuangalia tundu dakika chache, na ujue kabisa ukihitaji kukimbia utaelekea wapi. Akikuuma mmoja toa mwiba haraka kwa njia yoyote, kukawia ndo kunaongeza sumu, na ondoka taratibu kwa sababu ile harufu kama ya ndizi inayotoka inawaita wenzake. Wakianza kuwa wengi kimbia, funika uso, ingia ndani ya nyumba ama gari, usijitupe majini, watakusubiri juu. Ukivimba midomo, ukakosa pumzi ama kizunguzungu kikakushika, hospitali mara moja, na kama unajua una aleji ya nyuki mwambie msimamizi siku ya kwanza kabla hujapewa ngazi.