Kubadilishana goldeni eli na wenzako: nilichojifunza baada ya chupa 11 kupasuka

Wakuu habari za jioni. Juzi nilikaa na kijana mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, anapika bia kwake, huu ni mpiko wake wa tatu, anataka aanze kubadilishana chupa na sisi wa mjini na wale wa Iringa, nikajikuta namweleza masaa mawili vitu ambavyo mimi vilinila mwaka mzima kuvielewa. Nimeona nivimwage hapa, akija mwingine namtumia tu.

Mbona goldeni na siyo kitu kingine? Kwa sababu watu wetu wamelelewa na laga, hizi bia nyepesi za dukani, ukimpa mtu bia nyeusi ananusa anarudisha. Goldeni ni eli, yaani bia ya hamira inayochachuka kwenye joto la chumba, lakini rangi yake ni ya laga, nyepesi mdomoni, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, inasikika bila kukukaba. Hata Waingereza walioianzisha miaka ya 1980, bia yao Exmoor Gold ilitoka 1986, walikuwa wanawavuta wanywaji wa laga hao hao. Halafu haifichi kitu. Kosa lolote ulilofanya jikoni mwenzako atalikuta kwenye glasi, ndo maana inafaa kubadilishana. Na tuelewane, hizi hatuuzi, kuuza kuna leseni yake, na chini ya miaka 18 asionje.

Hatua ya 1: Pika

Hapa sikai. Kimea cheupe cha shayiri, hopsi usizidishe, hamira ya eli, pombe iishie kati ya asilimia 4 na 5. Ichachuke kwenye nyuzi 18 mpaka 20, na kwa Mbeya hii miezi mingi chumba chenyewe kinakupa joto hilo bila friji, wa Dar wanatuonea wivu. Maji ya bomba yakiwa na klorini yachemshe kwanza au yalaze kwenye ndoo wazi usiku kucha, la sivyo bia inanuka dawa ya kidonda.

Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, nunua. Usiniambie unaangalia mapovu. Isome leo, isome baada ya siku tatu, namba ikiwa ile ile ndo bia imemaliza.

Hatua ya 2: Gesi (hapa tulia usome taratibu)

Gesi inatoka kwa hamira iliyobaki kwenye bia kula sukari kidogo ndani ya chupa iliyofungwa. Kanuni ni rahisi: gramu 6 za sukari ya kawaida kwa kila lita ya bia, yaani chupa ya nusu lita inakula gramu 3. Lita 20 ni gramu 120. Sukari yote unaichemsha na maji kidogo, unaipoza, unaitia kwenye ndoo, unahamishia bia juu yake taratibu bila kuirusharusha, ndo unajaza chupa. Kuna wanaoweka kijiko kwenye kila chupa, mimi siwataki hao, kijiko cha mtu mmoja siyo kijiko cha mwingine, kikijaa kilima kinafika gramu 6 hapo. Nunua mzani mdogo wa jikoni yaishe.

Sasa kilichonikuta. Nilifunga chupa 24 mwezi wa saba. Siku ile ile jamaa yangu wa Iringa alikuwa anapita kurudi kwao, nikampa 6, nikamwambia subiri wiki mbili ndo ufungue. Wiki mbili zikaisha nikafungua moja ya kwangu. Kimya. Hata fyuu haikusema. Nikamimina, imelala kama chai iliyopoa. Nikajua nimekosea hesabu ya sukari. Basi nikakaa chini kuanzia saa mbili usiku, nikafungua visoda vya chupa zote 17 zilizobaki, kila moja nikatia kijiko cha sukari, nikafunga upya, nikamaliza saa sita na ushee mikono imekufa ganzi, nikazirudisha stoo nikalala nikijiona fundi.

Baada ya wiki moja hivi jamaa wa Iringa ananipigia, "Kaka hii kitu ina povu zuri, umewekaje?" Nikamuuliza unaiweka wapi. Akasema kwenye stoo inayopakana na banda la vifaranga.

Hapo ndo akili ikanijia. Vifaranga wanawashiwa moto, stoo yake ina joto. Stoo yangu iko upande usiopata jua, mwezi wa saba usiku Mbeya unajua mwenyewe, asubuhi chupa ukiishika inakuuma kiganja. Hamira ya eli ikishuka chini ya nyuzi 12 hivi nyingi zinasinzia. Hazijafa, zimelala tu na sukari yake pembeni. Sukari ya kwanza ilikuwa inatosha kabisa, iliyokosekana ni joto. Na mimi nimeziongezea nyingine, zaidi ya mara mbili ya kipimo.

Ningezitoa siku ile ile ningesalimika. Nikajipa moyo kwamba zitakaa sawa. Mwezi wa tisa kuelekea wa kumi joto likapanda, hamira zikaamka, usiku mmoja tukasikia paa! mke wangu akadhani mtu anavunja dirisha, baada ya dakika kumi paa! nyingine. Mpaka asubuhi 11 zimepasuka, vipande vimeingia mpaka kwenye gunia la mchele. Zile 6 zilizosalia nilizifuata nimevaa koti zito na miwani ya kuchomelea ya jirani, nikazitia ndoo ya maji ya baridi, zilivyopoa kabisa nikazifungua nimezifunika taulo. Hakuna iliyonyweka, zote zilitoka povu tupu mpaka darini.

Kwa hiyo yashike haya. Chupa zilizofungwa zikae nyuzi 18 mpaka 22 kwa wiki mbili, baridi ikizidi hesabu wiki nne na usiongeze kitu. Mimi siku hizi naziweka ndani ya boksi, katikati dumu la lita tano la maji ya moto, juu blanketi, maji nabadilisha asubuhi na jioni. Jiko la mkaa usiliwashe kwenye chumba kilichofungwa eti unapasha bia, watu wanakufa kwa moshi wa mkaa kila kipupwe. Na kila mpiko jaza chupa moja ya plastiki ya soda kwa bia ile ile. Kila siku unaiminya. Ikiwa laini, bado. Ikiwa ngumu kama jiwe, gesi ipo na za kioo nazo ziko hivyo hivyo. Hujafungua chupa hata moja na umejua. Hiki kitu kingeniokolea mpiko mzima na usiku mzima.

Na somo la pili nililipata bila kutegemea. Zile 6 za Iringa ndo zilinionyesha bia haikuwa na tatizo. Tangu hapo sitoi chupa bila kubaki na ndugu yake. Nikikupa mbili, mbili za mpiko huo huo zinabaki kwangu. Utaona kazi yake hatua ya mwisho.

Hatua ya 3: Alama

Chupa za kahawia tu. Za kijani na nyeupe mwanga unapita, unakutana na hopsi, bia inapata harufu mbaya kama kicheche. Lebo za gundi sizitaki, kuzibandua ni mateso. Andika herufi na tarehe juu ya kisoda kwa maka peni, inatosha. Usiandike jina lako.

Hatua ya 4: Kusafirisha

Funga kila chupa kwa gazeti, kisha soksi ya zamani, zisimame ndani ya boksi lenye pumba za mpunga. Mbeya mpaka Iringa matuta hayahesabiki, kila kijiji kina yake. Mwambie kondakta zisikae karibu na injini, na mwenzako awe stendi basi likifika. Mimi boksi langu liliwahi kukaa siku mbili kwenye ofisi ya mizigo, juani, sitataja ya nani, bia ikafika inanuka boksi lililoloa. Zikishapokelewa zisimame siku tatu mahali pa baridi mashapo yashuke ndo zifunguliwe.

Hatua ya 5: Glasi

Watu wanaipita hii halafu wanagombana. Jioni moja tulikuwa watano kwangu, bia tatu tofauti, zote povu linakufa kabla hujafikisha mdomoni, tukaanza kulaumiana kimea, mara hamira, saa nzima imepita. Dada mmoja wa Tukuyu, huyo pua yake naiogopa, akanusa glasi tupu akasema, "Hii imefutwa na kitambaa kilichoshika samaki." Kweli bwana. Mafuta kidogo tu na povu limekwisha.

Osha kwa maji ya moto na sabuni kidogo sana, suuza mpaka uchoke, usifute, zipindue zijikaushe zenyewe. Kupima: lowesha glasi kwa ndani, mwaga maji, nyunyiza chumvi. Ikishika sawasawa kote ni safi, ikiacha mabaka hapo pana mafuta. Suuza tena.

Hatua ya 6: Kuonja

Mmoja wenu asionje. Yeye ndo anamimina, jikoni, nyie mko sebuleni. Kila glasi robo tu, bia iwe nyuzi 8 mpaka 12, siyo ile ya barafu inayoua ulimi. Ataacha mashapo chini ya chupa.

Msiongee kabla kila mtu hajaandika. Hili nalitilia mkazo kwa sababu tuna mzee mmoja tunayemheshimu, akishasema "hii ina siagi" basi wote mnaanza kuisikia siagi, hata kama haipo. Nusa kwanza, onja baadaye, andika kwa maneno ya jikoni kwako. Siagi maana yake hamira hukuipa muda imalizie kazi. Epo bichi, bia bado changa. Karafuu kwenye goldeni, shuku hamira pori au usafi. Maksi tunatoa kwa mtindo wa majaji wa Marekani, jumla 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, kwa ujumla 10.

Ukitaka kujua kama mnasikia tofauti kweli au mnajifurahisha, mmiminaji alete glasi tatu, mbili bia moja na ya tatu nyingine, mtafute mgeni. Kwa kubahatisha tu mtu anapatia mara moja katika tatu, kwa hiyo mmoja kupatia siyo ushahidi, rudieni. Tuliwahi kuweka goldeni yangu na ya jamaa wa Dar, resipi moja, hopsi gramu zile zile, watu wakamtambua mgeni kila mara, yake kali zaidi kwa uchungu. Hapa Mbeya tuko juu, mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94, hopsi haitoi uchungu wote kama inavyotoa pwani. Sasa naongeza kidogo.

Hatua ya 7: Simu

Mwenzako akishaandika ya kwake, anakupigia, na wewe muda huo unafungua ndugu wa ile chupa. Kasoro ikiwa kwake tu, ni safari. Ikiwa kwenu wote, ni jikoni kwako, usisingizie basi.

Mwezi uliopita jamaa wa vifaranga kapiga. "Kaka usikasirike. Mahindi ya kuchemsha." Nikamwambia ni joto la njiani hilo. "Fungua yako." Nikafungua, nikanusa, mahindi, tena yale ya barabarani Makambako. Nikakumbuka siku ile kulikuwa na upepo, napikia nje, nikafunika sufuria ili ichemke haraka, na ile harufu inatakiwa itoke na mvuke, na huku juu inahitaji muda mrefu zaidi kutoka.

Mpiko uliofuata sufuria ilikaa wazi, nikachemsha dakika 90. Chupa ziko kwenye boksi na dumu lao la maji ya moto. Ya plastiki nimeiminya asubuhi hii, bado laini.