Pumu ya ngozi: kinachokosewa mara nyingi ni kipimo

Ngozi yenye pumu (ekzema) ni ngozi inayovuja. Wagonjwa wengi wana upungufu wa filagrini, protini inayosaidia kushikamanisha tabaka la juu. Maji yanatoka, sabuni na vijidudu vinaingia, kinga ya mwili inachachamaa, mtu anawashwa na kujikuna, na kujikuna kunazidi kuibomoa ngozi. Kwa hiyo matibabu ni kazi mbili zinazokwenda pamoja: kuziba uvujaji kila siku, na kutuliza uvimbe kila unapoibuka. Anayefanya moja tu atazunguka palepale.

Kwanza hakikisha ni pumu yenyewe. Kwa watu wakubwa na watoto waliokwisha kutembea hupenda kukaa kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na vifundoni. Kwa watoto wachanga huanzia mashavuni. Kama nyumba nzima inawashwa, hasa usiku, na vipele viko katikati ya vidole, fikiria upele wa kuambukiza (skabi). Doa la duara lenye ukingo ulioinuka na katikati safi huenda ni fangasi, na hapo krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) itapunguza mwasho huku fangasi wakisambaa. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta rangi ya kijivu, zambarau au weusi uliozidi, kisha papasa: palipo na uvimbe pana joto, pamekauka na pana vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo.

Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila sabuni ya povu wala manukato, na usitumie dodoki. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa kufuata vinyweleo vinakoelekea, kisha rudia angalau mara moja tena siku hiyo. Mtu mzima mwenye pumu iliyoenea mwilini anahitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Ndiyo, kopo zima. Chota kwa kijiko safi ili vidole visiingize bakteria koponi. Mafuta ya zeituni yanasifiwa sana lakini hudhoofisha tabaka lilelile unalotaka kuliimarisha. Na nguo iliyolowa mafuta ya ngozi hushika moto haraka, kwa hiyo kaa mbali na jiko na sigara.

Sasa steroidi, ambako ndiko mambo huharibika. Kamua dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka ncha hadi mkunjo wa kwanza, kwa tyubu yenye mdomo wa milimita 5. Hicho ni kipimo kimoja, takriban nusu gramu, na kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwa vimebana. Mkono mzima pamoja na kiganja unataka vipimo 4, mguu mzima pamoja na wayo 8. Fanya hesabu: miguu yote miwili ni gramu 8 kwa mpako mmoja, kwa hiyo tyubu ya gramu 15 haifiki hata mipako miwili. Wengi wanaosema “dawa imenigomea” walipaka robo ya kinachotakiwa, wakaacha siku ya tatu mwasho ulipopungua.

Kwa kawaida hupakwa mara 1 au 2 kwa siku hadi ngozi iwe laini ukiipapasa, mara nyingi siku 7 hadi 14. Acha nafasi ya dakika 15 hadi 30 kati ya steroidi na mafuta. Usoni na kwenye mikunjo haidrokotisoni asilimia 1, steroidi isiyo kali, mara nyingi hutosha. Klobetasoli, steroidi kali, ina nguvu kubwa mno kwa uso. Ikitumika muda mrefu hukondesha ngozi na kuacha michirizi isiyofutika. Madoa meusi yanayobaki baada ya ngozi kulainika huchukua miezi kufifia, na hayahitaji steroidi.

Pumu ikirudi kila mara mahali palepale, daktari anaweza kushauri kupaka steroidi hapo siku 2 kwa wiki hata ngozi ikionekana nzima, au kutumia takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi, ambayo haikondeshi ngozi. Takrolimasi huchoma siku za mwanzo, na wengi huitupa kabla haijaanza kazi. Steroidi za vidonge huleta nafuu ya haraka, lakini ukiziacha ugonjwa mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Magaga ya rangi ya asali, majimaji au usaha ni dalili za bakteria, na huhitaji kuonwa na daktari. Malengelenge madogo ya ukubwa mmoja yaliyojikusanya, yakipasuka na kuacha vidonda vya duara kama vilivyotobolewa, pamoja na maumivu na homa, ni virusi vya hepesi: nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa yakiwa karibu na jicho.