Chumba cha eksirei Dar es Salaam: anza na Tume, mashine ije baadaye

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Mtaalamu, mashine imeshafika, njoo utusaidie kupata leseni." Hapo najua kazi imeanzia mkiani. Niliwahi kuitwa kwenye zahanati moja hapa mjini nikakuta mashine imefungwa, rangi imekauka, na nyuma ya ukuta unaopigwa na mionzi moja kwa moja kuna benchi la kina mama wajawazito wanaosubiri kliniki. Plasta yote ikabanduliwa, wagonjwa wakaelekezwa kwingine, na hasara ikamwangukia mwenye zahanati.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kwa nani. Msimamizi wa mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Usajili wa zahanati ni habari nyingine. Tume inataka kujua nani anamiliki chanzo cha mionzi, kimeingiaje nchini, kinatumika wapi, na wanaokitumia wanapata mionzi kiasi gani. Ndiyo hiyo hiyo inayopima mionzi kwenye vyakula vinavyoshushwa bandarini.

Hatua ya 2: Omba kibali kabla ya kulipia. Hata mashine ya msaada inahitaji kibali cha kuingizwa nchini. Ukisubiri mpaka ifike bandarini, utalipia gharama za kuhifadhi mzigo huku ukihangaikia karatasi.

Hatua ya 3: Chora chumba pamoja na majirani zake. Hapa usiwe na haraka. Mchoro uonyeshe kilicho nyuma ya kila ukuta, juu ya dari na chini ya sakafu. Kariakoo au Manzese, ukuta wako mara nyingi ndio ukuta wa duka la mwenzio, na muuzaji anakaa pale kutwa nzima. Onyesha pia mashine itaelekea wapi, hasa inapopiga picha za kifua, kwa sababu ukuta huo unahitaji kinga nzito kuliko mingine.

Kinga yaweza kuwa bati la risasi (ile metali nzito), zege au plasta ya baraiti, madini mazito yanayozuia mionzi. Unene wake usikadiriwe na fundi kwa macho. Mtaalamu atapiga hesabu kwa kuangalia nguvu ya mashine, wingi wa picha kwa wiki, umbali, na anayekaa upande wa pili. Umbali ni kinga ya bure: ukiwa mbali mara mbili na chanzo, mionzi inayokufikia hubaki robo. Kusogeza kidogo stendi ya kupigia picha za kifua kunaweza kukupunguzia bei ya risasi.

Kisha kuna fundi wa AC. Huja mwisho kabisa, akatoboa ukuta ambao umeshawekewa kinga, akaondoka zake. Tundu hilo liwe kwenye mchoro tangu mwanzo, na fremu ya mlango iwekewe risasi kama mlango wenyewe.

Hatua ya 4: Walinde wafanyakazi. Teua msimamizi wa usalama wa mionzi, na kila anayepiga picha awe na beji yake ya kupimia mionzi. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka katika miaka mitano, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote. Kwa raia wa kawaida ni 1. Beji huvaliwa kifuani, ndani ya aproni ya risasi. Usiiache ndani ya gari juani: beji nyingi husomwa kwa kupashwa moto, na joto la Dar linaweza kuharibu kumbukumbu yake. Aproni nayo itundikwe. Ukiikunja, risasi hupasuka ndani bila wewe kuona.

Hatua ya 5: Mpokee mkaguzi. Atapima nyuma ya kuta na milango mashine ikiwa inapiga, kisha ataomba majibu ya beji, rekodi za matengenezo na vyeti vya watumishi. Viwe kwenye faili moja, karibu. Kama kuna ufa au taa ya onyo ya mlangoni imeungua, mwonyeshe mwenyewe. Akikuandikia marekebisho, piga picha kila moja likikamilika, weka tarehe, na uhifadhi kwenye faili lile lile kwa ajili ya safari yake ijayo.