Sukuma wiki kwenye gunia

Kama uwanja wa nyumba yako ya kwanza ni simenti tupu, gunia moja la kilo 90 linatosha kuanzia. Liweke panapopata jua kwa angalau saa 6 kila siku, likishajaa halisogezeki.

Changanya ndoo 3 za udongo wa juu kwa 1 ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi: ukiingiza mkono ukasikia joto, isubiri.

Kata kifuniko na kitako cha kopo la kilo 2 libaki wazi pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo. Livute juu taratibu, kokoto zibaki, ujaze tena. Endelea hadi karibu na mdomo wa gunia. Usiiruke kazi hii hata kama inachosha. Bila nguzo ya kokoto maji hukwama juu, miche ya juu inaoza na ya chini inakauka.

Mwagilia siku 3 udongo ushuke. Kisha toboa ubavuni matundu ya upana wa vidole viwili, yakipishana kila sentimita 20. Tundu likizidi vidole viwili, udongo humwagika. Panda jioni miche ya wiki 4, mzizi ukielekea chini bila kujikunja.

Maji, lita 5 hivi kila asubuhi, yapitie kwenye kokoto. Vidukari, wadudu wadogo, hujificha chini ya jani, kama vumbi la kijivu. Nyunyizia hapo maji ya sabuni, kijiko kidogo kwa lita 1.