Kwenda Shela kwa miguu, penye vita vya 1812

Kwanza waulize manahodha wa bandarini maji yanapwa saa ngapi. Toka Lamu mjini maji yakiwa yanapwa, ushike ufuo kuelekea kusini hadi kijiji cha Shela, kama kilomita 3, mwendo wa dakika 45. Usifuate saa za jana: maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, na yakijaa hufunika njia.

Maji kupwa ndiko kulikowaponza watu wa Mombasa na wa kisiwa jirani cha Pate, waliokuja kuipiga Lamu katika vita hivyo vya 1812. Waliposhindwa walikimbilia majahazi, wakayakuta yamekaa mchangani, maji yameshapwa. Wengi waliuawa papo hapo ufuoni.

Kwenye vilima vya mchanga hakuna kivuli, beba lita 2 za maji. Upepo ulifukua mifupa ya waliouawa vitani miaka mingi baadaye. Ukiiona mifupa, tafadhali usiiguse. Ni maiti wa watu. Ukirudi, ingia Ngome ya Lamu mjini, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821.